Mwaka Niliochagua Mashine ya Nyundo

Watu wanaokuja dukani kwangu Goma kununua mashine ya kukatia majani, ile inayofungwa nyuma ya trekta ndogo, karibu wote huwa wamekwisha kuamua kabla hawajavuka mlango. Wanataka kubwa. Mimi huwaketisha kwenye benchi, nawauliza trekta yao ina nguvu za farasi wangapi, shamba lao lina mteremko kiasi gani, magurudumu yao ya nyuma yameachana kwa upana gani. Nawaeleza kwamba mashine yatosha ikizidi upana wa magurudumu kidogo tu, ili trekta isikanyage majani ambayo hayajakatwa, na kwamba mashine nzito kwa trekta nyepesi, mlimani, huinyanyua trekta pua mpaka dereva akaona mbingu. Nawaonyesha ule mti wa chuma unaozunguka ndani, na vyuma vinavyoning'inia juu yake: wengine hufunga visu, wengine hufunga nyundo. Visu ni vya majani. Nyundo ni za vichaka na miti midogo. Mwishoni huwauliza swali ambalo huwachekesha: pembezoni mwa shamba lenu kuna nini, na ni cha nani? Husema, huyu mzee vipi, sisi tumekuja kununua chuma. Siku moja mwaka huu nilikuwa katikati ya maelezo hayo hayo, mteja amekwisha kushika nyundo moja anaipima uzito, simu ikalia. Sauti ya mwanamke mzima ikasema, "Papa Karani, ni Faida, mutoto ya Mama Faida wa Nyabiondo. Mama ametuacha. Tuko hapa Kashebere, tunamuzika kesho kutwa." Nilimwomba mteja arudi siku nyingine. Alitoka akinung'unika, nami nikakaa kwenye benchi lile lile ninalowaketisha watu.

Ya nyumbani kwetu nitayaacha, hayana msaada hapa. Yatosha kusema kwamba mwaka niliomjua Mama Faida nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimemaliza sekondari, najua Kifaransa cha vitabuni, na sina kazi, katika nchi ambako kijana asiye na kazi hupewa bunduki na mtu wa kwanza anayepita. Nikasikia kwamba kuna shamba la ng'ombe katika vilima vya juu ya Nyabiondo linalotafuta karani. Mwenyewe tulimwita Patron tu. Alikaa Goma, akija mara moja kwa mwezi na gari lenye matope hadi madirishani. Shamba lilikuwa limeharibika. Miaka ya vita ng'ombe walikuwa wameliwa na kila jeshi lililopita, na malisho yalipokosa midomo ya kuyala yaligeuka pori la vichaka na majani makavu yanayofika kifuani. Patron alikuwa amenunua trekta ndogo ya mitumba na ng'ombe wapya thelathini, na alitaka malisho yarudi. Msimamizi wake aliitwa Kapita Anselmi, mtu mfupi mwenye sauti ya upole sana. Yeye ndiye aliyeendesha trekta, yeye ndiye aliyepima maziwa, na yeye ndiye aliyeniambia siku ya kwanza kwamba nikifanya kazi vizuri mwaka ule, nitabaki pale kwa kudumu. Neno lile "kudumu" lililala nami kila siku.

Shamba halikuwa na nyumba ya karani, basi wakanipangisha kwa Mama Faida, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua chache chini ya malisho. Ilikuwa nyumba ya mbao yenye vyumba vitatu. Changu kilikuwa ndicho ghala la mbegu: kitanda cha fito upande mmoja, magunia ya maharage upande mwingine, na katikati nafasi ya kugeuka mtu mmoja aliyekonda. Hadi leo nikinusa maharage makavu nakumbuka baridi ya alfajiri ya pale, ukungu unaoingia kati ya ubao na ubao, na sauti ya Mama Faida upande wa pili wa ukuta akimwamsha binti yake kwa majina ya wanyama. Mumewe alikuwa Walikale kwenye machimbo, akirudi mara mbili kwa mwaka, amekohoa mapafu yote, na kitenge kimoja begani. Kwa hiyo shamba la maharage lilikuwa la mikono yake mwenyewe, na maharage ya kule ni yale yanayopanda juu, kila shina lahitaji fito yake. Siku mbili za kwanza alinipa chakula kwa heshima, akanitandikia kitambaa mezani. Siku ya tatu nilipotoka chumbani alikuwa amesimama mlangoni na majembe mawili. "Karani, mugeni ni siku mbili," alisema. "Leo iko ya tatu. Kamata jembe." Nikakamata. Nililima naye kila asubuhi kabla ya kupanda kwa Kapita, na jioni tulikula bugali wa muhogo na sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, ao maharage na viazi, sote watatu kwenye sahani moja. Faida, akiwa na miaka tisa hivi, alikuwa na kazi ya kunicheka namna ninavyotonga bugali. Sikuwahi kula kwa raha kama ile kabla, na sijala hivyo tena.

Fito za maharage alizipata mpakani. Kati ya shamba lake na malisho ya Patron kulikuwa na mstari wa mimea ya mpaka, ile yenye shina laini la nyuzi na majani marefu kama panga, inayopandwa kwa kukata kijiti na kukichomeka tu. Kule mlimani hakuna karatasi ya shamba. Mmea ndio karatasi. Ukipandwa, wanaitwa watu wa pande mbili na shahidi mmoja asiye na shamba hapo, wanakunywa, na kuanzia siku hiyo hakuna mtu anayeung'oa. Katikati ya mimea hiyo vilikuwa vimejiotea vijiti vingine, na Mama Faida alikata hivyo tu, akizunguka shina la mpaka kwa panga lake kwa uangalifu, kama mtu anayenyoa kichwa cha mtoto.

Mvua za kwanza zilipoisha, Kapita aliniita. Alikuwa ameketi barazani, anakata jibini kwa kisu cha mfukoni. "Patron anataka mashini ya kukata pori," alisema. "Muuzaji wa Goma anauliza tutakata bintu ya unene gani. Wewe njo uko na masomo. Shuka kule chini kwa mupaka, pima ile miti yote. Unene na hesabu. Usiache ata moya." Nikamwuliza, kwa nini mpakani, na pori liko huku juu? Akaniangalia kwa upole wake. "Karani, wewe pima." Nilishuka na uzi, rula ya shule na daftari. Mama Faida alikuwa anapalilia. Mtu mmoja hawezi kuzungusha uzi kwenye shina, kuuvuta na kuandika kwa wakati mmoja, basi nikamwomba anishikie. Akaja akifuta mikono, akashika ncha ya uzi, na akacheka hadi machozi. "Unapima miti sawa fundi wa nguo! Unataka kuishonea makoti?" Tulikwenda hivyo shina kwa shina, kuanzia kwenye kijito hadi juu kwenye jiwe. Yalikuwa hamsini na saba. Mengi yalikuwa na unene wa kidole gumba, machache unene wa vidole viwili. Alifurahi sana kuona yanaandikwa. Alifikiri, maskini, kwamba wenye shamba hatimaye wanataka mpaka ujulikane kitabuni. "Andika na ile," aliniambia. "Njo baba ya bwana yangu aliipandaka, yeye na tajiri wa zamani, mbele ya Papa Mateso. Walikunywa pombe ya kasiksi mutungi muzima. Tajiri alikufa, baba mukwe alikufa. Papa Mateso peke njo amebakia." Nikaandika yote, kwa mwandiko mzuri, kwa sababu nilikuwa karani mzuri. Papa Mateso nilimfahamu: mzee wa kilima cha pili, hatoki nje tena, anakohoa damu kwenye kopo.

Juma lile Patron alikuja. Nilikuwa chumba cha nyuma kwa Kapita, naandika hesabu ya maziwa ya siku, na ukuta wa mbao haufichi neno. Niliwasikia wakila. Patron aliuliza, "Na ule muzee Mateso?" Kapita akajibu, "Anakohoa. Hatafika mbali." Kisu kikagonga sahani. "Na miti?" Kapita akasema kwa sauti yake ile ya chini, "Mashini ikishapita, miti itasemea wapi?" Patron akacheka, akaomba aongezewe jibini. Wakati ule ndipo nilipojua kila kitu. Nasema hivi kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nilikuwa kijana, kwamba sikuelewa. Nilielewa. Nilielewa pale pale, kalamu mkononi, na nilichofanya ni kumaliza kuandika hesabu ya maziwa. Kisha Patron akaniita, akanipa mkono, akasema kwamba yeye hajui vyuma, mimi ninasoma Kifaransa, basi niende Goma nichague mwenyewe mashine inayofaa, naye ataipokea nitakayoichagua.

Muuzaji wa Goma alikuwa fundi mzee mwenye vidole vilivyokatika nchani, na uwanja wake ulijaa mashine za mitumba zilizokuja kwa njia ya Uganda. Alinitembeza kwa saa nzima. Yeye ndiye aliyenifundisha haya ninayowafundisha wateja leo, na sikuwahi kumwambia asante ya kweli. Alinionyesha mbili zilizoifaa trekta yetu kwa upana na kwa nguvu. Zilifanana kama mapacha, isipokuwa moja ilikuwa na visu na nyingine nyundo. "Kwa majani ya ng'ombe kamata ya visu," alisema. "Iko nyepesi. Traktere yenu itapanda nayo mulima bila shida. Ya nyundo iko nzito, itabidi mufunge uzito mbele, na inakula mafuta." Nikamwambia tuna miti. "Miti gani kwa malisho?" Nikampa daftari. Alilisoma pole pole, midomo ikitembea, akafika kwenye maneno ya Mama Faida, akarudi tena juu kwenye orodha. "Hamsini na saba kwa mustari moya? Hii si pori, karani. Hii bantu walipanda." Akanirudishia daftari. "Visu vitafungwa na nyuzi za hii miti," akaendelea, "mutasimama kila hatua mukivisafisha, mupaka mutachoka mutaiacha. Na hivyo njo vizuri. Iache." Alikuwa amenifungulia mlango, mzee yule. Ningechukua ya visu, ningerudi nikasema ndiyo inayofaa, na hakuna mtu duniani angenilaumu, kwa kuwa kweli ndiyo iliyofaa. Nikamwambia kwamba Patron ameagiza ya nyundo. Patron hakuwa ameagiza chochote. Wengi husema njaa haina adabu, na mimi nilipenda kujificha nyuma ya msemo huo, lakini mwaka ule sikuwa na njaa. Nilishibishwa kila jioni. Nilikuwa naogopa tu kurudi kuwa mtu asiye na mahali.

Mashine ilipofika, kilima kizima kilikuja kuiangalia. Tuliifunga nyuma ya trekta, tukaunganisha kardani, ule mti wa chuma unaotoa nguvu kwenye trekta, tukaning'iniza mbele magunia mawili ya mawe kwa ajili ya uzito. Na niseme ukweli, ilifanya kazi nzuri. Kapita aliingia kwenye pori linalofika kifuani, mlio ukabadilika, na nyuma yake likatoka zulia la majani yaliyosagwa. Watu walipiga vigelegele. Mama Faida alikuja na mtungi wa maji ya kunywa kwa ajili yetu, akanipiga begani, akawaambia wengine, "Huyu njo mutoto yangu alichagua hii mashini!" Nilijiona mtu mkubwa. Ndani ya juma tatu malisho ya juu yalikuwa safi, na majani mapya yakaanza kutoka. Mpakani hatukufika. Nikaanza kujiambia kwamba labda waliyasema yale wakiwa mezani tu, kama watu wanavyosema.

Papa Mateso alikufa siku ya Jumatano. Kule, mtu akifa kilimani, hakuna mkono unaoshika jembe mpaka azikwe. Hata anayepita na panga begani hulificha. Siku ya maziko watu wote hupanda kwenye matanga, mashamba yanabaki peke yao. Mama Faida alinipitia asubuhi, amevaa kitenge cheusi, Faida mkononi. Nikamwambia nitamfuata. Wote walipokwisha kupita, Kapita akawasha trekta. Sikuambiwa kitu, nilifuata tu, na alipofika kwenye jiwe la juu akashuka, akaiteremsha mashine hadi nyundo zikagusa udongo. Nilisimama pale. Ningeweza kukimbilia matangani, ilikuwa mwendo wa nusu saa. Nilisimama na kuangalia mashina niliyoyapima yakiingia chini ya mashine, yakitoka upande wa pili yamekuwa nyuzi na maji meupe. Mashine haikuziba hata mara moja. Nilikuwa nimechagua vizuri. Kapita akarudi kupita mara ya pili na ya tatu, akakata na hatua kumi za maharage ndani ya shamba, ili pawe sawa na malisho mengine, kisha akafungulia ng'ombe. Walipita wakikanyaga, wakila vitumba vya maharage. Juu, kutoka kilima cha pili, tulisikia nyimbo za kanisa.

Nilimwona Mama Faida aliporudi. Alisimama kwenye njia, akaangalia, akaanza kutembea mahali mpaka ulipokuwa, kutoka chini hadi juu, akiangalia miguu yake. Alikuwa akihesabu, nilisikia namba. Hakupiga kelele. Alipofika kwenye jiwe alikaa juu yake, na Faida ndiye aliyelia. Majirani walikuja, wakashika vinywa, wakaondoka. Wote waliujua mpaka ule, lakini Patron alikuwa na marafiki wenye bunduki, na kila mmoja alikuwa na mpaka wake wa kuogopea.

Siku ya tano Chefu, mkuu wa vilima vile, alipanda na wazee wawili kuamua. Alikagua ardhi: kila mahali majani yaliyosagwa na kinyesi cha ng'ombe. Akauliza nani alikuwa shahidi wa kupandwa kwa mpaka. Papa Mateso, ambaye udongo wake ulikuwa haujakauka. Majirani wakaulizwa, wakasema wao wanalima upande wa chini, hawaangaliagi juu. Kapita alisema kwa upole kwamba pale pamekuwa pori siku zote, na mama amelima ndani ya malisho ya watu wakati wa vita. Ndipo Mama Faida akanyoosha mkono kunielekea, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa, kwa kuwa alijua kwamba mimi nitasema kweli. "Karani alipima," alisema. "Niliishika kamba nayeye. Aliandika yote mu kayé." Chefu akageuka. Nakumbuka alifurahi, alikuwa mtu wa kutafuta njia rahisi. "Wewe hauko wa huu mulima, hauko na shamba hapa. Kama uliandika, neno lako linatosha. Uliona mupaka?" Daftari lilikuwa mfukoni mwa shati langu. Nililihisi likipanda na kushuka nikipumua. Kapita hakuniangalia hata. Alikuwa anasafisha kucha kwa kijiti. Nikasema, "Niliona pori, Chefu." Mama Faida akasema, "Karani?" Mara moja tu, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Chefu akasema basi, shamba ni la malisho.

Jioni ile nilirudi kulala kwake. Sikuwa na mahali pengine, na pia, niseme lote, sikuwa na haya ya kutosha. Alikuwa amekwenda kijitoni. Nikaingia jikoni, nikachana kurasa za daftari, nikazitia motoni chini ya sufuria. Aliingia zikiwaka. Aliangalia moto, akaona mwandiko, akatua ndoo. Kisha alipakua. Maharage, viazi, mafuta kidogo ya mawese. Alikuwa ameweka sahani mbili, moja yangu peke yangu. Alinipa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni. Nilikula. Shukrani ya punda ni mateke, wanasema, lakini punda hali chakula cha aliyempiga teke akisubiri kuongezewa. Mimi nilimaliza sahani. Upande wa pili wa ukuta niliwasikia wakifunga vitu hadi kuche, na kulipokucha walikuwa njiani, yeye na godoro kichwani, binti na kuku wawili, wanateremka kuelekea Walikale kwa mume, kwenye msitu wa watu wengine, ambako mtu wa vilima hana hata shina moja lake.

Nilibaki kwa kudumu miezi minne. Kisha wenye bunduki wengine wakaja, wasio marafiki wa Patron, wakala ng'ombe wote thelathini na kuichoma trekta. Kapita Anselmi aliuawa barabarani. Shamba lile leo, nasikia, ni vichaka tena, juu na chini, na hakuna anayejua lipi lilikuwa la nani. Nilikimbilia Goma kwa yule fundi mzee, akanipokea bila swali, nikajifunza kazi, na alipokufa nikashika uwanja wake. Namshukuru Mungu kwa mkate huo, na kila nikiula najua ulianzia wapi.

Kashebere nilifika kwa pikipiki, mchana, matope hadi magotini. Mama Faida alikuwa amelazwa barazani mwa nyumba ya udongo, na mwili wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyoweka moyoni. Faida alinipokea kwa mikono miwili. Ni mama wa watoto watano sasa, na ana sauti ya mama yake. Kwa majirani nilisikia yaliyobaki: mume alifukiwa na shimo mwaka wa pili. Mama akaishi miaka yote kwa kulima vishamba vya kuombwa, msimu hapa, msimu kule, akihamishwa kila udongo ulipochoka ao mwenyewe alipobadili nia. Hata kaburi, Faida na watoto wake walikwenda kwa wenyeji na mbuzi mmoja kuomba mahali. Wakampa ukingoni, karibu na barabara.

Kabla ya kushusha jeneza, mchungaji aliuliza kama yuko mwenye ushuhuda juu ya marehemu. Wakasimama watatu wanne. Mmoja alisema alikuwa mcheshi. Mwingine alisema hakuwahi kupanda mti wowote, hata wa matunda, na alipoulizwa alijibu kwamba anayepanda atakuja kuulizwa. Watu wakacheka kidogo. Nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima, ya bugali na majembe mawili na namna alivyonipokea, na niliyaanza hayo. Yakaniishia. Nikasema, "Alikuwa na shamba. Kule juu ya Nyabiondo, toka kijito mupaka kwa jiwe. Mupaka ilikuwaka pale, mashina makumi tano na saba. Nilipima mwenyewe, niliandika mwenyewe, na mbele ya Chefu nilikatala. Mashini iliyoikata, mimi njo niliichagua. Shamba ilikuwa yake." Mtoto mmoja alimwuliza mama yake kwa sauti, "Anasema nini huyu papa?" akanyamazishwa. Mchungaji alikohoa, akaanzisha wimbo, na watu wakaudaka haraka haraka.

Walipomaliza kushusha, ndugu walipanga mstari, kila mmoja akiinama, akichota udongo na kuutupa. Nikaingia kwenye mstari nyuma ya wajukuu. Hakuna aliyenizuia. Nilipofika ukingoni nikainama, nikachota mkono uliojaa, udongo mweusi, wenye maji. Faida alikuwa amesimama upande wa kichwa. Akaja. Alishika mkono wangu uliofungwa, si kwa hasira, akanifungua vidole kimoja kimoja. "Mama alituambiaka yote, Papa Karani," alisema kwa sauti ya chini. "Miye nilikuita usikie udongo ikianguka. Haukuitwa kutupa." Akakinga kiganja chake chini ya changu mpaka udongo wote ukaingia kwake, akautupa yeye mwenyewe ndani, kisha akamkaribisha aliyekuwa nyuma yangu.